Maua Makavu na Gugu la Ziwa

Msomaji, siku moja simama kando ya mto Kuja, unaopita katika nchi ya Ndhiwa, utupe jani moja majini ulitazame linavyokwenda zake. Kama jani hilo lingejaliwa maisha marefu, lingefika Nyatike, ambako mto humwagika katika Ziwa Victoria. Na maji yaliyolibeba yangetoka tena ziwani huko Jinja, yakapita Uganda na Sudani, mwisho yakafika Misri. Katika nchi hiyo ya Misri, mwaka wa 1922, lilifunguliwa kaburi la mfalme kijana aliyeitwa Tutankhamun. Majeneza yake yalipofunuliwa katika miaka iliyofuata, watu walistaajabia dhahabu. Lakini juu ya majeneza hayo yalikutwa pia mashada ya majani na maua yaliyokauka, na miongoni mwake zilikuwamo petali za yungiyungi, ua la majini. Maua hayo yalikuwa yamelala gizani zaidi ya miaka 3,200. Jina la aliyeyasuka hatulijui, bali nia yake twaijua: alitaka zawadi yake idumu kuliko siku ile aliyoitoa.

Ua ni kitu cha siku chache. Huchanua asubuhi, likasifiwa adhuhuri, na aghalabu kabla ya juma kwisha limekwisha anguka. Tangu zamani mwanadamu hakuridhika na jambo hili, akatafuta njia ya kulizuia. Alipata njia mbili. Ya kwanza ni kulikausha, ili umbo lake libaki nyumbani baada ya uhai wake kutoka. Ya pili ni kulihamisha likiwa hai, kwa mbegu au kwa mche, ili lichanue tena mlangoni pake. Njia zote mbili zimefika Nyanza ya Kusini, na tofauti iliyopo baina yake imewagharimu watu wa ziwa hili mali na chakula. Kwa hiyo habari ya maua makavu, ijapokuwa huonekana kuwa mchezo wa kupamba meza, ni historia inayostahili kusomwa kwa makini.

Tuanze pwani, ambako ua kavu limekuwa jamaa wa nyumba kwa muda mrefu. Watu wengi hutia karafuu katika pilau wasifikiri kwamba karafuu ni ua. Ni tumba ambalo halikuachwa lipasuke. Limechumwa, likaanikwa juani juu ya jamvi mpaka likawa gumu kama msumari mdogo. Singo pia, ambayo bi arusi wa Unguja, Mombasa au Lamu husuguliwa mwilini, hutengenezwa kwa mawaridi, asumini na mlangilangi, vikakaushwa na kusagwa pamoja na karafuu na liwa. Hiyo ni zawadi ya wanawake kwa mwanamke mwenzao anapoingia katika maisha mapya. Walakini msomaji wa historia hana budi kuuliza ua limetoka wapi, na limepita katika mikono ya nani. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said alihimiza upandwe kwa wingi, na mashamba yake yakalimwa na kuchumwa na watumwa, mpaka hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka wa 1897. Harufu ilikuwa nzuri, lakini jasho lililoileta lilikuwa la mtu asiyelipwa.

Katika nchi ya Waluo pambo la nyumba halikutoka sana katika ua. Lilitoka katika shina, jani na tunda. Mafunjo, ambayo kwa Kiluo huitwa togo, yalikatwa katika vinamasi, yakaanikwa, yakafumwa mikeka iitwayo par. Mumunye lililokomaa lilitolewa moyo wake, likakaushwa, likapasuliwa likawa agwata, kata ya kunywea. Kikapu, ambacho huitwa adita, kilikwenda sokoni na pia kilikwenda ukweni, kwa kuwa mwanamke aliyezuru jamaa zake hakupenda kufika mikono mitupu. Na kikapu kilichofumwa vizuri kilimsifu mwenyewe kabla ya kilichomo ndani hakijaonekana. Lishike jambo hili, msomaji, kwa sababu tutalirudia: ustadi wa kukausha mmea wa majini na kuusuka haukuletwa na mgeni yeyote. Ulikuwapo katika vidole vya akina mama, ukingojea kazi mpya.

Mashariki ya Ndhiwa ardhi hupanda kuelekea vilima vya Gusii, na huko ndiko ua kavu lilikogeuka fedha. Ua hilo ni pareto, jeupe lenye kitovu cha manjano, ambalo asili yake ni pwani ya Dalmatia, kuvuka bahari kutoka Italia. Mbegu zake zililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo Japani ndiyo iliyouza pareto nyingi duniani. Vita vikuu vya pili vilipoifunga biashara ya Japani, wanunuzi waliigeukia Kenya, na kwa miaka mingi nchi hii ikawa ya kwanza. Wakulima wadogo wa Gusii walichuma maua kwa mkono na kuyaanika, na katika maua hayo makavu ilitolewa dawa ya kuulia wadudu isiyomdhuru sana mwanadamu. Kilimo hicho kimepungua sana kuliko kilivyokuwa, lakini kimetuachia somo: ua linaweza kupendeza macho, na papo hapo likawa na nguvu ambayo macho hayaioni.

Ndiyo maana wataalamu nao hukausha maua, si kwa kupamba, bali kwa kujua. Huchukua tawi lenye ua na jani, hulibana kati ya karatasi mpaka likauke, kisha hulibandika na kuandika pembeni jina lake, mahali lilipochumwa na tarehe. Hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki ilianzishwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka wa 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Majina yaliyo vinywani mwa wazee hayakusahauliwa: mwaka wa 1972 mtaalamu wa mimea John Kokwaro alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiluo na Kiingereza. Ua lililokauka likiwa na jina lake huweza kumwambia mtu aliye mbali ni mmea gani, huota wapi, na huzaa namna gani. Ua bichi likitolewa bila maarifa hayo ni mgeni asiyeulizwa atokako.

Sasa twende kwenye njia ya pili, yaani kulihamisha ua likiwa hai. Katika bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, kuna mmea unaoelea majini. Majani yake ni ya kijani ing'aayo, vikonyo vyake vimevimba kwa hewa kama chupa ndogo, na shada la maua yake ni la rangi ya zambarau, huku petali ya juu ina doa la manjano mfano wa jicho katika unyoya wa tausi. Sisi huuita gugumaji. Lakini katika karne ya 19 waliouona waliuita pambo. Waliuchukua nchi kwa nchi, wakautia katika vidimbwi vya bustani zao. Husimuliwa kwamba katika maonyesho makubwa ya New Orleans, Marekani, yaliyoanza mwaka wa 1884, watu waligawiwa miche yake kuwa zawadi. Kabla karne hiyo haijaisha gugumaji lilikuwa limefika Misri, nchi ya yale mashada ya kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilionekana katika mto Kongo, na mwaka wa 1958 katika Nile Nyeupe huko Sudani. Kati ya mwaka wa 1989 na 1990 lilikuwa limekwisha ingia Ziwa Victoria, na mto Kagera, utokao Rwanda, uliendelea kulileta.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndani ya ua hili hapakuwa na kipande cha mti tu. Penye maji ya joto yenye rutuba, gugumaji huweza kuongezeka maradufu katika majuma mawili, au hata pungufu. Fanya hesabu, msomaji. Anza na kiwanja kimoja. Baada ya majuma mawili vitakuwa viwili, kisha vinne, kisha vinane. Ikiwa hapana cha kulizuia, vipindi kumi vya namna hiyo, yaani miezi isiyotimia mitano, vitakupa viwanja 1,024. Huko kwao lilikuwa na wadudu walioishi kwa kulila. Waliolisafirisha walilichukua ua, wakawaacha adui zake.

Mwaka wa 1998 gugu hili lilifunika hekta zipatazo 17,000 upande wa Kenya. Ghuba ya Homa Bay, ambayo ni mlango wa Ndhiwa kwenda ziwani, ilifungwa kama kwamba mtu ametandika mkeka juu yake. Mashua zilikwama, nyavu zilipotea chini ya majani, mama aliyekwenda kuteka maji alilazimika kwanza kufungua njia kwa mikono yake. Konokono wachukuao kichocho walipata makazi, na mbu vilevile. Ni haki kusema pia kwamba kamongo na mumi, samaki wanaostahimili maji yenye hewa haba, walinufaika na maficho hayo. Lakini nyumba nyingi zilizotegemea samaki wengine zililala njaa. Mfanyabiashara wa Ndhiwa hakuhitaji kuliona ziwa ili ajue msiba huo, kwa maana aliuona katika sinia tupu la muuza samaki sokoni.

Tiba ilitafutwa palepale lilipotoka gugu. Fukusi wa namna mbili, wadogo mno, ambao asili yao nao ni Amerika ya Kusini, walifugwa na kuachiliwa upande wa Kenya mwaka wa 1997. Mtu huweza kucheka akiambiwa kwamba mdudu mdogo kama punje ya mtama atapigana na hekta maelfu; lakini wadudu hao walitoboa majani, na mabuu yao yakala vikonyo kwa ndani, mpaka gugu likadhoofika, na mawimbi yakalivunjavunja. Baada ya mwaka wa 1999 ziwa lilionekana tena. Hata hivyo ushindi haukuwa wa milele: baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa 2006 gugumaji lilirudi kwa wingi, na hata sasa huja na kuondoka kama mgeni aliyekwisha zoea njia.

Hapa ndipo vidole vya akina mama vilipopata ile kazi iliyokuwa ikivingojea. Katika miaka hiyo ya taabu vikundi vya wanawake na vijana wa kando ya ziwa, hasa Kisumu, vilianza kuvuta gugumaji ufukoni na kulitendea kama togo. Huchaguliwa vikonyo virefu. Huoshwa matope, hukatwa mizizi na majani, kisha huanikwa siku nyingi na kugeuzwageuzwa visishikwe na ukungu. Kazi yahitaji saburi, kwa kuwa katika kilo 100 za gugumaji bichi kilo 95 hivi ni maji. Hubaki kilo 5 tu za kusuka. Vikonyo vikavu husokotwa kamba, na kamba hufumwa vikapu, mikeka midogo ya mezani, vifuniko vya taa, hata viti vyenye fremu ya mbao au chuma. Vipande vilivyobaki hukatwakatwa, huchemshwa, hutwangwa pamoja na karatasi kuukuu, na uji wake hutandazwa juu ya wavu ukauke. Hupatikana karatasi nzito yenye nyuzi, ambayo hukunjwa kuwa kadi, na juu ya kadi hubandikwa maua madogo yaliyokaushwa. Zawadi hizo zimenunuliwa mijini, na nyingine zimevuka bahari.

Tazama sasa jambo la ajabu. Ua lenyewe la zambarau, lililokuwa sababu ya safari yote ile, halihifadhiki kama pambo. Hunyauka kwa siku moja au mbili, na shada lake huinama likarudi majini. Uzuri uliovushwa bahari kwa mapenzi makubwa hauwezi kuwekwa mezani. Kinachodumu ni kikonyo, sehemu ambayo hakuna aliyeisifu. Na maua yanayobandikwa juu ya kadi ni ya mimea mingine, iliyokuwa ikiota kimya kando ya njia.

Walakini nisikudanganye, msomaji, kwamba vikapu vitaliokoa ziwa. Hekta moja iliyojaa gugumaji huweza kuwa na zaidi ya tani 200, na mikono yote ya wilaya isingelimaliza kwa kusuka. Tena kuna hatari ya pili: mtu aliyepata riziki kwa gugu huweza kutamani gugu lisiishe. Na mbegu zake huweza kukaa topeni miaka 20 zikiwa hai. Kazi ya mikono ni jambo jema. Yamsomesha mtoto na kumpa mama fedha ya chumvi na sabuni. Lakini mzizi wa shida uko kwingine. Gugumaji halinenepi kwa maji matupu. Hulishwa na maji machafu ya miji, na mbolea na udongo unaosombwa na mvua kutoka mashambani. Ndhiwa ni nchi ya miwa na mahindi. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, kiwanda cha sukari kilipoanza kazi Awendo, mashamba ya miwa yameenea katika sehemu hizi. Kumbuka lile jani ulilotupa mtoni. Mto Kuja haubebi jani peke yake. Hubeba pia rutuba ya shamba lisilokingwa kwa matuta wala majani, na rutuba hiyo ndiyo chakula cha gugu. Anayezuia udongo wake usichukuliwe na maji Ndhiwa amefanya kazi ya ziwani akiwa nyumbani kwake.

Yamkini utauliza: je, tuache kupenda maua? Hasha. Tuyapende kwa maarifa. Karibu na kila nyumba utakuta kile kichaka chenye vimiiba na maua ya manjano na mekundu, ambacho Waluo hukiita nyabend winy. Nacho kiliondoka Amerika kikaletwa kwa ajili ya bustani na ua wa nyumba. Ndege wakala matunda yake, wakaeneza mbegu, kikameza malisho, na majani yake huwadhuru ng'ombe. Ukitaka kupamba kwa maua yake, yakate kabla hayajatunga matunda, wala usipande mche mwingine.

Nawe waweza kuanza leo bila gharama. Chuma maua asubuhi umande ukiisha, kwa sababu maji ndiyo mama wa ukungu. Yenye vikonyo virefu yafunge mafungu madogo, uyatundike kichwa chini mahali penye kivuli na upepo. Jua kali hubabua rangi, na kichwa kikining'inia kikonyo hukauka kimenyooka. Yaliyo mepesi, kama bogenvilia, yaweke kati ya kurasa za gazeti kuukuu chini ya mawe au vitabu vizito, ubadilishe karatasi kila baada ya siku moja au mbili. Baada ya majuma mawili au matatu yatakuwa tayari kubandikwa.

Kisha mpelekee bibi yako au mwalimu wako kadi hiyo. Lakini chini ya ua usiandike salamu peke yake. Andika jina la ua kwa Kiluo na kwa Kiswahili, mahali ulipolichuma, na tarehe, kama wafanyavyo wale wa Nairobi. Ikiwa jina hulijui, muulize huyo bibi kabla ya kubandika. Naye, hata asipojua kusoma, huenda akakuambia pia ni dawa ya nini, ni mnyama gani asiyelila, na kama lilikuwapo alipokuwa msichana au liliingia baadaye. Jibu lake liandike. Waliosafirisha gugumaji walipendezwa na ua, lakini kabla ya kuligawa hawakumwuliza mtu yeyote swali hilo.